Mkuki wa Mstari wa Pili

Jamani mafundi, mmenisumbua vya kutosha. Tangu nirudishe funguo za karakana sijapita njia ya Milanzi bila mmoja wenu kunipigia kelele: "Fundi Jelasi, tupe ya ile filamu!" Utafikiri maisha yangu yote ya kazi yalikuwa zile wiki chache za kutengeneza mikuki ya uongo. Haya, nitawapa. Ila nitaanza pale nilipoanzia, na mwenye haraka akanywe chai kwanza. Na mjue mapema kwamba habari hii ni ya Deo, fundi wenu wa plau. Kuna karatasi niliyoitia saini juu yake, maneno yake yote ni ya kweli na yenyewe ni uongo mtupu, na nimechoka kuibeba.

Siku ya kwanza kazini nilifika nimevaa shati jeupe. Mama alilipiga pasi kwa mkono wake. Mzee Kisanta, fundi mkuu wa siku hizo, alinitazama kuanzia kola hadi viatu, akaniuliza kama nimekuja kuoa. Kisha akanipa tupa na jembe la plau lililoliwa na mawe, akasema nilinoe mpaka aseme basi. Hakusema basi hadi jioni. Viganja vilichubuka, shati likawa rangi ya majivu, naye akapitisha kidole gumba kwenye makali, akaguna, akaenda zake. Nilikuja kujua baadaye kwamba kule kuguna ndiyo sifa yenyewe. Katika miaka yote niliyofanya naye kazi nilipata miguno kama minne hivi.

Mzee Kisanta alitoka kwenye ukoo wa wafua chuma. Babu yake alikuwa mmoja wa watu waliochoma malungu, yale matanuru marefu ya udongo yaliyoyeyusha mawe yakawa chuma. Jumapili moja baada ya misa alinipeleka mlimani kuliona moja lililobaki limesimama. Lilikuwa refu kuliko mtu aliyepanda mabega ya mwenzake, ubavu mmoja umemeguka, na chini lilikuwa na matundu pande zote.

"Unaona mivuo ya kupulizia moto hapa?" akaniuliza.

"Sioni, mzee."

"Huoni kwa sababu haikuwepo. Hewa ilikuwa inaingia yenyewe hapo chini, inapanda. Mivuo ilikuwa ya lile tanuru dogo, la kusafishia chuma. Ukimsikia mtu anasimulia vingine, mlete kwangu."

Nikamuuliza chuma chote kile kilikwenda wapi. Nilikuwa kijana, nilitaka aseme mikuki. Akasema majembe. Majembe ya kulimia, na majembe ya mahari, maana mtu alioa kwa majembe. Mikuki ilikuwepo, alisema, lakini mikuki haijazi ghala. Mimi nilisikitika kidogo, sitaficha.

Alikuwa na tabia moja iliyowakera wateja. Hakukabidhi kitu chenye makali bila kuuliza nani atakishika, na nyuma ya huyo mtu atakuwa nani. Umeleta shoka likarudishiwe mpini, unataka kwenda zako, yeye anakuuliza mkeo huwa anasimama wapi ukipasua kuni. Watu walicheka. Wengine walinuna. Mimi nilidhani ni uzee tu, mpaka mkokoteni wa Ilemba uliponifunza adabu. Niliichomelea ekseli yake haraka haraka kwa sababu mwenyewe alinisimamia kichwani, na sikuuliza chochote. Ikakatika kwenye mteremko wa kushukia bondeni, ng'ombe mmoja akavunjika mguu, na mama aliyekuwa akitembea nyuma ya mkokoteni akaruka korongoni akapona kwa bahati. Mzee Kisanta hakunigombeza. Alinituma Ilemba kwa miguu nikaombe radhi, na niliporudi akaniuliza jina la yule mama. Sikuwa nimelishika. Akanirudisha.

Basi ndivyo nilivyofundishwa. Nayasema haya ili mjue kwamba nilichofanya kwenye filamu sikukifanya kwa kutojua.

Mzee Kisanta alishafariki siku nyingi walipokuja watu wa filamu kutoka Dar es Salaam. Mimi nilikuwa nimebakiza miezi michache tu nistaafu. Walitaka kutengeneza filamu ya vita vya kale, Wangoni walipoingia Ufipa wakitokea kusini. Hiyo si hadithi ya kubuni, kweli walikuja, katika ile karne kabla ya Wajerumani. Walikuja na ngao kubwa za ngozi ya ng'ombe na mikuki mifupi ya kuchomea karibu, na wazee wetu wa mikuki ya kurusha na pinde walipata tabu. Walikaa huku, mkubwa wao akafia huku huku, watu wake wakagawanyika wakaenda kila upande. Wafipa wakabaki, wakaendelea kulima. Ukiniuliza mimi, habari ni hiyo ya mwisho, ila haifai kwa filamu.

Dairekta aliitwa Rama. Mtu mwema, wala simsemi vibaya, mchapakazi, alivaa makoti mawili kwa baridi yetu na bado mafua hayakumwacha. Lakini skripti yake! Ilikuwa na minazi. Minazi, Ufipa! Nikamwambia mwanangu, ukikuta mnazi hapa nikate kichwa. Akafuta. Ilikuwa na tanuru kubwa, na pembeni vijana kumi na wawili vifua wazi wanavuta mivuo. Nikamweleza ya mivuo kama nilivyoelezwa mlimani. Akanisikiliza, akaandika kwenye daftari, akanishukuru sana, na alipokuja kupiga picha vijana kumi na wawili walikuwepo na mivuo yao.

"Fundi, watazamaji wanataka jasho," akaniambia.

"Sisi huku jasho tunalipata shambani."

Akacheka. Hapo ndipo nilipomzoea, na kumzoea mtu ndiko kulikoniponza.

Kazi yangu ilikuwa silaha. Karakana ilikubali nifanye, nikamchukua Deo anisaidie. Kwa wasiomjua, Deo nilimpokea mwenyewe kutoka chuo cha ufundi, nikamfundisha plau, na filamu ilipokuja alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto wawili. Mabega kama mlango wa kanisa. Dairekta alipomwona anapiga nyundo, akasema huyu hatengenezi mikuki, huyu anaishika. Akamweka mstari wa kwanza wa jeshi la Wafipa, katikati kabisa, mbele ya kamera.

Mke wa Deo anaitwa Skola, binti wa Mzee Pesambili wa Namanyere. Na hapa lazima niseme jambo ambalo Mfipa halihitaji kuambiwa, ila humu karakana siku hizi mpo wa kutoka Mbeya na wa kutoka mbali zaidi. Deo kwa mkwewe alikuwa na heshima ya kizamani, ile tuliyoikuta kwa babu zetu. Mzee Pesambili akija mjini na basi la Namanyere, akapita karakana kumsalimu, Deo anaweka chini chochote alichoshika, anachuchumaa, anapiga makofi polepole, kichwa kimeinama, mpaka mzee apige makofi ya kumjibu. Hata koleo lenye chuma chekundu nimemwona analitupa. Tulimtania mno. "Deo, siku moja mkweo atakuja una gari juu ya jeki!" Yeye anacheka tu. Mwili wenyewe ndio ulikuwa umezoea, akili haikuulizwa.

Turudi kwenye mikuki. Nilitengeneza ya aina mbili. Ya kwanza vichwa vya mpira wa matairi, nikaipaka rangi ya fedha. Hiyo ndiyo ya kupigania, ukimchoma nayo mtu anacheka. Ya pili ya chuma cha springi za gari, michache, ya kupigwa picha ikiwa imeegemezwa ukutani au mkononi mwa mtu aliyesimama. Ya chuma niliiweka kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo ulikaa shingoni mwangu pamoja na rozari. Siku tatu za kwanza za vita zilikwenda vizuri, tukapata michubuko na mtu mmoja aliyeumwa na siafu.

Siku ya nne dairekta akaja na uso uliokunjamana. Ameangalia picha. Mpira unaonekana mpira. Anataka shambulio kubwa, jua la asubuhi, na anataka mikuki ing'ae.

"Haiwezekani," nikamwambia. "Watu wanakimbia."

"Siwapi wa mbele. Wa mbele wabaki na mpira. Nawapa wa mstari wa pili, waishike juu wima, wasiishushe hata kidogo. Wa mbele ndio wanaokutana na adui. Wa pili hawamfikii mtu."

Niliuliza maswali. Niliuliza ardhi ikoje, nikaenda kuikagua mwenyewe, nyasi fupi, hakuna mawe. Niliuliza kama wa mbele watasimama. Akasema hawasimami, wanapita katikati ya Wangoni kama tulivyofanya mazoezi. Nikafikiri, nikaona ni kweli: ili mkuki wa pili umfikie mtu, lazima wa mbele asimame ghafla au aanguke, na katikati yumo Deo, na Deo haanguki. Nikafungua sanduku. Zaidi ya hapo, na hili linaniuma kuliko yote, nikaipitisha ile mikuki kwenye grainda ili ing'ae zaidi. Nilijisikia fahari. Nilipitisha kidole gumba kwenye makali na nikaguna mwenyewe.

Asubuhi ya shambulio upepo ulikuwa mkali, ule wa kiangazi unaokausha midomo. Mtu wa Mbeya aliyeigiza mkuu wa Wangoni aliamka na homa. Dairekta akatuma watu mjini kutafuta mzee mrefu mwenye kifua, na stendi wakamkuta mmoja ndiyo kwanza anashuka kwenye basi. Walipomleta kwangu nimpe ngao nikatazama, nikatazama tena. Mzee Pesambili! Amepakwa chokaa usoni, macho yamezungushiwa mkaa, kichwani manyoya mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee. Umefuata nini huku?"

"Marahaba. Nimekuja kumwona mjukuu wangu, wamenikamata wanasema mimi ni Mngoni."

"Deo anajua?"

"Deo yuko wapi?"

Deo alikuwa ng'ambo ya kilima na jeshi lake. Nilikuwa na simu ya upepo mkononi. Neno moja tu lingetosha: mwambieni Deo mkwewe yupo huku. Mimi nikacheka. Nilicheka, jamani, nikajisemea leo Deo atakiona cha moto, na nikaona itakuwa utani wa kwenda nao karakana mwaka mzima. Nikamfunga mzee mkanda wa ngao na kumtakia ushindi.

Dairekta akapiga kelele ya kuanza. Wafipa wakatokeza juu ya kilima, mstari wa kwanza, mstari wa pili nyuma yake kwa hatua tatu, na lile jua likaigonga mikuki yangu. Ilikuwa nzuri. Nasema ukweli, sijawahi kuona kazi ya mikono yangu ikipendeza vile. Wakaanza kuteremka. Kutembea, kutembea haraka, kukimbia. Ardhi ikawa inatetemeka chini ya viatu vyangu. Upande wa pili Wangoni nao wakapiga ngao na kuanza kuja, Mzee Pesambili mbele yao, ananguruma kweli kweli, mzee wa watu amejisahau.

Upepo ukapiga. Manyoya yakamtoka kichwani, yakabingirika nyasini, na kikabaki kile kipara chake ambacho Namanyere nzima inakijua. Deo alikuwa hatua kama kumi mbele yake, mbio zote.

Nilimwona Deo anamwona. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya, mapema kidogo kuliko wengine wote, na haikusaidia kitu. Nilipiga kelele "Deo, pita! Pita!" lakini watu mia mbili walikuwa wanapiga kelele. Aliuachia mkuki wake wa mpira. Akachuchumaa. Katikati ya mbio, katikati ya vita, akachuchumaa, akainamisha kichwa, akapiga makofi.

Wa nyuma yake hakuwa na pa kwenda. Alijikwaa mgongoni mwa Deo, mikono ikatafuta ardhi, mkuki ukashuka.

Nilikimbia kuliko nilivyokimbia ujanani. Nilipofika, wengine bado walikuwa wanapigana kwa mpira huku na huku, hawajajua, na kamera ilikuwa bado inazunguka. Chuma changu kilikuwa kimeingia nyuma ya goti la kulia na ncha imetokea upande. Nikamwambia asiusogeze. Damu ilikuwa inatoka kwa kuruka, inatulia, inaruka tena. Nikavua mkanda, nikamfunga pajani, nikakaza kwa mpini wa mkuki wa mpira mpaka ikapungua. Deo alikuwa mweupe midomo.

"Fundi," akasema, "mzee amenijibu?"

"Nyamaza, mwanangu."

"Amenijibu?"

Mzee Pesambili alikuwa amesimama juu yetu na ngao yake, chokaa inamtiririka usoni.

Bwana Salumu, mfanyabiashara wa mjini aliyekuwa akituletea mbao, alirudisha pikapu yake nyuma mpaka pale tulipo. Mtu akasema tutafute turubai kwanza, kiti kitachafuka. "Kiti kitafuliwa!" akamkaripia. "Mpandisheni!" Nilikaa na mguu wa Deo mapajani mwangu mpaka hospitali, mjini Sumbawanga. Kila tuta la barabara lilikuwa linaniuliza lile swali la Mzee Kisanta, na nyuma yake atakuwa nani, na nyuma yake atakuwa nani. Nililia, nanyi mjue hivyo.

Siku ya kwanza daktari alisema hajui kama ataishi. Siku ya pili alisema hajui kama mguu utabaki. Skola alikaa kando ya kitanda hakuondoka. Mzee Pesambili hakuingia wodini. Kumwona mkwe wake amelala, nusu uchi, aliona ni kumvunjia heshima, kwa hiyo alisimama nje, kwenye ukuta wa dirisha, mchana kutwa, na kila nesi akitoka anamuuliza kwa sauti ndogo. Nilimpelekea uji. Akaniambia bila kunitazama, "Nilimwona akipiga makofi, Jelasi. Yule dairekta wenu, mtoto wa mjini, alikuwa ameniambia nisivunje sura ya ukali hata nione nini. Nikavimbisha mashavu. Nikaendelea kunguruma." Nami nilikuwa na langu.

Siku ya tatu wakasema ataishi, na mguu utabaki. Jioni yake ndiyo ikaja ile karatasi. Msaidizi wa dairekta, kijana nadhifu, aliileta ikiwa imechapwa tayari, kwa ajili ya ofisi zao na kwa ajili ya yeyote atakayeuliza. Ilisema mshiriki alisimama katikati ya tukio kinyume na maelekezo aliyopewa, na hivyo kusababisha kuumia kwake. Basi. Hapakuwa na neno chuma. Hapakuwa na neno grainda. Hapakuwa na neno mkwe.

"Kuna uongo hapo, mzee?" akaniuliza kwa upole.

Nilisoma mara mbili. Hapakuwa na uongo. Alisimama kweli. Nilifikiria kustaafu kwangu, hotuba iliyokuwa inaandaliwa, watu watakavyosema fundi mkuu alitoka kazini kwa kesi. Nikatia saini. Kalamu ilikuwa ya kwake, na akanishukuru.

Nikastaafu. Hotuba ilisomwa. Deo alirudi karakana na magongo, kisha fimbo, kisha bila fimbo, ila watu walishaanza kusema. Mara alizubaa, mara aliogopa, wengine wakasema alikuwa amekunywa. Deo hakujitetea, kwa sababu kujitetea kungekuwa kumtaja mkwewe. Na mimi nilijifanya hamnazo. Nilikuwa nikimletea ndizi na kumuuliza hali.

Filamu ilipokamilika waliileta mjini, wakaionyesha ukumbini kwenye pazia jeupe Jumamosi mchana. Watu walijaa hadi madirishani. Waliniweka mbele na Deo na Skola, na Mzee Pesambili upande wa pili wa ukumbi kama inavyostahili. Tulicheka minazi haikuwepo, mimi nikakunja uso kwenye mivuo. Kisha kikaja kilima, na jua, na mikuki inang'aa. Nikajua lile tukio la Deo wameliacha ndani.

Wameliacha lote. Deo, uso mzima kwenye pazia, anauachia mkuki, anachuchumaa mbele ya mkuu wa Wangoni, anapiga makofi. Manyoya hayapo, wamelikata pale kwa namna usione kipara vizuri. Na sauti nzito ya msimulizi ikasema kwamba hivi ndivyo mashujaa wa Ufipa walivyojisalimisha mbele ya nguvu wasiyoiweza, wakiomba wahurumiwe. Kisha mkuki ukashuka, na damu ile ilikuwa ya kweli.

Ukumbi ulizomea. "Aaah! Muoga huyo!" Mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake, "Kumbe babu zetu walikuwa hivi, mshikaji?" Na mwenzake akasema, "Si umeona." Skola aliinamisha uso kwenye kanga. Deo alikuwa anatazama mikono yake.

Nilitaka kusimama. Naapa nilitaka. Nilikuwa bado nimekaa Mzee Pesambili aliposimama upande wa pili, akapita mbele ya pazia mpaka picha ikamwangukia usoni.

"Zimeni hiyo," akasema.

Hawakuzima, lakini waliipunguza sauti.

"Yule Mngoni ni mimi. Na yule kijana hajisalimishi. Ni mkwe wangu. Alikuwa ananisalimia. Aliona heri afe kuliko kuninyooshea mkuki, na mimi sikumjibu."

Hapo ndipo nilipoinuka, nimechelewa kama kawaida yangu, nikasema kwamba mkuki uliomchoma ulikuwa wa chuma, kwamba niliunoa mimi, nikautoa sandukuni mimi, na nilijua mzee yupo upande wa pili nikacheka. Nikasema na karatasi niliisaini. Hakuna aliyenizomea. Ningeshukuru wangenizomea.

Mzee Pesambili hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anamtazama Deo. Akashuka taratibu, magoti yake ya kizee yakilia, akachuchumaa pale sakafuni mbele ya mkwe wake na mbele ya mji mzima, akapiga makofi. Polepole, kama yanavyopigwa. Akangoja.

Deo alisimama. Mwili wake ulifanya kile ulichozoea, ukaanza kushuka, ukafika nusu ukakwama. Goti la kulia halikunjiki tena, daktari alishasema. Akajaribu mara ya pili, akishika kiti, jasho linamtoka. Nikamshika mkono mmoja na Skola mwingine, tukamshusha mpaka akakaa sakafuni, mguu umenyooka mbele yake kama mpini. Na pale chini akapiga makofi.